Viatu vya Kuazima

Kaka yangu alimpiga Assumani kwa mguu wa Assumani mwenyewe. Nakwambia mapema, ili usije ukashangaa baadaye ukisikia kwamba nilimng'ata ndugu wa tumbo moja mpaka nikaonja damu yake.

Ilikuwa saa moja asubuhi, Kisangani, mwaka wa sabini, majira ya mvua. Tulikuwa watatu ndani ya atelye, chumba kile cha nyuma ya hospitali tulimotengenezea miguu ya mti. Papa Émile, fundi mkuu, alikuwa anachochea jiko la kuni la kuchemshia maji ya plasta. Assumani alikuwa amekaa kwenye benchi, mguu wake wa mti ameuegemeza ukutani. Mimi nilikuwa nimepiga magoti mbele yake nikimsafisha kidonda chini ya goti. Kidonda kilikuwa kibichi, na kila nilipokigusa aliniangalia usoni na kutabasamu, mshenzi yule, kama vile nampaka mafuta.

"Inauma?" nikamuuliza.

"Ikiuma utaacha?"

"Siachi."

"Basi haiumi."

Hapo mlango ukapigwa teke. Wenceslas akaingia na walinzi wawili wenye virungu.

Wenceslas ndiye kaka yangu mkubwa. Pale hospitali alikuwa magasinier, mwenye funguo za depo, ghala la vifaa. Shuka, sabuni, masanduku ya miguu yaliyoletwa kutoka Ulaya, vyote vilipita mkononi mwake. Na viatu pia. Hivyo viatu ndivyo vilivyotufikisha hapa, lakini subiri kwanza nimalize kipigo.

"Iko wapi?" akafoka. "Ile mufuko ya mbao iko wapi?"

"Wenceslas," Assumani akamjibu taratibu, "hatuko na neno na weye. Tuko na neno na viatu."

Kaka yangu aliushika ule mguu uliokuwa ukutani, akaunyanyua kwa mikono miwili kama mtu anayepasua kuni, akamshushia Assumani mdomoni. Nilisikia jino likigonga sakafu. Assumani akaanguka kutoka kwenye benchi. Pigo la pili likatua mbavuni, la tatu palepale, na safari hiyo alilia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Unamuua!" nikapiga kelele. "Wenceslas, unamuua!"

Nikamrukia mgongoni. Nikamng'ata mkono, nikang'ang'ania, mpaka mlinzi mmoja akanishika nywele na kunivuta nyuma. Papa Émile, mzee wa watu, alijaribu kuingia kati, akasukumwa juu ya ndoo za plasta. Mlinzi wa pili akauona mfuko chini ya meza. Wenceslas akaunyakua, akamimina vipande vya mbao vyote kumi na vitatu ndani ya jiko. Mbao zilikuwa kavu, zikashika moto mara moja.

"Bon," akasema, akihema, damu ya mkono wake ikidondoka. "Saa ine Inspecteur anafika. Bote muko mustari moja, na viatu mu miguu. Yule atavua kiatu, mi nitamuvunja ile muguu ingine."

Akautupa mguu wa Assumani chini na kutoka.

Sasa nikueleze viatu.

Miguu ya mti ilikuja masandukuni, kila mguu umekwisha kuvalishwa kiatu cha ngozi chenye kisigino. Papa Émile alifundishwa na fundi Mbelgiji aupange mguu ukiwa ndani ya kiatu, kwa kimo cha kisigino chake. Akanifundisha na mimi hivyohivyo. Mgonjwa alisimama ndani ya kiatu, akatembea vizuri, tukapiga makofi. Halafu siku ya kurudi kwao, Wenceslas alikuja na daftari na kuvikusanya vile viatu. Ni vifaa vya hospitali, Directeur alisema, vya kuvaliwa wakija wageni. Mgonjwa akaenda nyumbani peku, kama jirani zake wote. Wiki haikuisha, alirudi ameanguka, kigutu kimechubuka, goti limevimba.

Na mimi, na diploma yangu ya masista, nilimwambiaje? "Utazoea. Muko bavivu tu." Assumani nilimwambia hivyo mara tatu.

Mara ya nne nikaenda kumgombeza kwake, mtaa wa Kabondo. Ilikuwa Jumapili, nimetoka misa. Alikuwa seremala wa kutoka Kindu, Mwislamu, mtu wa maneno machache. Mguu aliupoteza kwenye vita vya sitini na saba, risasi ikimkuta njiani amebeba mgongoni mlango aliokuwa anampelekea mteja. Aliniacha nigombe mpaka nikachoka. Kisha akavuta meza mbele yangu. Miguu ya nyuma ya meza ile ilikuwa mifupi. Akaweka machungwa juu yake, yote yakabingirika yakaanguka.

"Mademoiselle, hii meza iko mulevi?"

"Hapana."

"Iko muvivu?"

"Hapana, lakini..."

"Itazoea?"

Akachukua kipande cha mti mwekundu, unene wa vidole viwili, akakifunga kwa kamba chini ya kisigino cha mguu wake wa mti. Akasimama peku. Akatembea kutoka mlangoni hadi nilipokaa, wima, bila fimbo, bila kushika ukuta.

"Munatupimaka na viatu," akasema, "kisha munachukua viatu. Ndiyo vile tu."

Nililia palepale, juu ya nguo zangu za misa. Nililia kwa aibu, na nadhani ndipo nilipompenda. Wanawake wengine hupenda macho ya mtu. Mimi nilipenda kisigino.

Kile kipande cha kwanza alikiosha, akakipiga msasa, akanipa mkononi wiki mbili baadaye. "Pete sijui kutengeneza," akasema. "Hii nilitengeneza mwenyewe." Tangu siku hiyo kilikaa katika mfuko wa bluzi yangu ya kazi.

Papa Émile aliandika barua tatu kwa Directeur: tupange miguu kwa mtu peku, au wagonjwa waachiwe viatu. Jibu lilikuja kwa mdomo tu, kwamba fundi afanye kazi yake na asimfundishe daktari. Basi tukasikia Inspecteur wa afya anakuja kwa ndege kutoka mji mkuu. Wagonjwa kumi na wanne na sisi mafundi wawili tukakubaliana. Siku ya gwaride watavua viatu mbele yake, watembee peku, waanguke aone. Kisha tutafunga vipande chini ya visigino na watembee tena. Assumani alivichonga vyote kwa mkono wake. Shida ni kwamba nilimwambia mama. Mama akamwambia papa, papa akamwambia Wenceslas, na sasa mbao zetu zilikuwa zinachemsha maji ya plasta.

Tukamnyanyua Assumani, tukamrudisha kwenye benchi. Mdomo ulikuwa umepasuka, ubavu wa kushoto hata kuugusa haiwezekani. Papa Émile akaokota mguu na kuanza kushona mkanda uliokatika.

"Nipe muguu, Papa Émile," Assumani akasema. "Nivae."

"Unavaa uende wapi?" nikamuuliza.

"Mu mustari."

"Huendi."

"Ntaenda."

"Assumani, Docteur Dominique alisema nini? Ukianguka mara moja tu juu ya hiki kidonda, anakata juu ya goti. Ulisikia ama hukusikia?"

"Nilisikia. Maskio haijakatwa."

"Usinichekeshe! Bila goti utasimama namna gani kwa meza yako? Utapiga randa na nini? Utakaa chini ya ukuta kama wale wa sokoni, uchonge vijiko?"

"Na Mama Georgette?" akaniuliza. Mama huyo, mgonjwa mwenzake, alikuwa wa familia za wavuvi kule kwenye maporomoko. "Kila asubuhi anaanguka juu ya mawe ya mto na kikapo ya samaki kichwani. Yeye haiko na goti?"

"Namuhurumia!" nikapiga kelele. "Nawahurumia bote! Lakini weye ndiye nakupenda, unaelewa? Weye!"

Papa Émile aliinamia sindano yake akijifanya kiziwi. Assumani aliniangalia, jicho moja limeanza kufumba kwa uvimbe.

"Honorine," akasema kwa sauti ya chini. "Ile ya kwanza. Ile nilikupa. Tuko na hiyo tu. Nipe."

Mbao ile ilikuwa mfukoni mwangu. Naapa, niliisikia ikinigusa pajani. Na nikawaza haraka, kama mwizi: akiikosa, hana cha kuonyesha. Hana cha kuonyesha, haendi. Haendi, haanguki. Goti linabaki.

"Sina," nikamwambia. "Wenceslas aliniona nayo jana. Akaitupa mu choo."

Aliinamisha kichwa. Nilimwona akimeza mate na damu.

"Bon," akasema. "Basi tutaanguka tu. Tukianguka bote, ataona."

Jamani! Nilidhani nimefunga mlango, kumbe nimemfungulia mlango mwingine mbaya zaidi. Ningetoa ile mbao palepale na kuomba msamaha. Lakini nilikuwa na hasira, na hasira yangu ina mdomo mkubwa.

"Basi enda! Enda ukatwe! Lakini usiniite mimi kukufunga bandeji!"

"Nani alipanga hii muguu, Honorine?"

Papa Émile aliacha kushona.

"Sikusema kwa kukulaumu," akaongeza.

"Umesema," nikajibu, nikatoka nje.

Kumbe nje alikuwa ananisubiri papa yangu. Papa Anselme alikuwa karani wa reli, mstaafu, mtu wa kofia na suti hata kwenye jua kali. Wenceslas alikuwa amemwita. Hakunisalimia. Alinipiga kofi moja, kavu, mbele ya wanawake waliokuwa wanasubiri sindano.

"Nilikutia kwa masista miaka munane," akasema, "uniletee nini? Muislamu! Seremala! Mutu ya muguu moja!"

"Papa, moja na nusu."

Kofi la pili likanizungusha. Niliwasikia wale wanawake wakisema yee, yee.

"Ile nusu ndiyo tunapigania, Papa," nikamwambia, machozi yananitoka lakini sikuinamisha uso. "Goti yake. Nikiipoteza hiyo, ni mimi niliipoteza. Mimi ndiye nilipanga ule mguu vibaya."

"Ukiingiza mukono mu ile mambo, usirudi kwangu. Kitanda yako nitaipa mutu mwingine. Unasikia?"

"Nasikia, Papa."

Alitaka kusema tena, lakini kengele ya ua ikalia.

Saa nne kamili Inspecteur aliteremka kwenye gari la Directeur, moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege wa Simi-Simi. Alikuwa mtu mfupi wa miwani, shati limemganda mgongoni kwa jasho. Wagonjwa kumi na wanne walisimama mstari mmoja, viatu vinang'aa. Assumani alikuwa wa mwisho kabisa, uso umevimba kama andazi. Nilisikia Directeur akieleza kwamba yule alianguka na baiskeli.

"En avant!" Wenceslas akaamuru.

Wakatembea. Wakaenda hadi mlango wa depo, wakarudi. Ah, walitembea vizuri! Inspecteur akapiga makofi na kuandika kwenye karatasi.

"Unaona, Docteur," Directeur akasema kwa furaha, "kama askari wa kambi ya Kapalata."

Hapo Mama Georgette akakaa chini. Alikaa tu, katikati ya ua, juu ya tope, akaanza kufungua kamba za viatu.

"Mama, simama!" mlinzi akamkemea.

"Nasimama," akajibu. "Nangoja nivue kwanza."

Akasimama peku. Hatua ya kwanza, kisigino cha mti kikazama, mwili ukavutwa nyuma. Hatua ya pili, goti likakunjika kinyume, upande ambao goti halikuumbwa kwenda. Ya tatu hakuimaliza. Alianguka chali, kisogo kikagonga matofali ya mtaro, na damu ikaanza kuchuruzika kwenye kitambaa chake.

Wa pili akavua. Akaanguka. Wa tatu akavua. Wenceslas akapiga filimbi, na walinzi wakawaingilia.

Sijui kama umewahi kuona watu wazima wakipigwa virungu wakiwa chini, bila mguu wa kukimbilia. Waliwapiga mabegani, waliwapiga viganja vilivyokuwa vinafungua kamba. Mzee mmoja alivuliwa mguu wake, ukapigwa teke mbali. Na wao waliendelea kuvua! Aliyepigwa mkono wa kulia alivua kwa wa kushoto. Alisimama, alianguka, na aliyefuata naye akasimama. Nilihesabu kumi na watatu. Kila mmoja alipoanguka nilijisemea moyoni, yule pia nilimwambia atazoea.

"Wamelewa!" Directeur alikuwa anapiga kelele. "Docteur, usiangalie! Wamelewa, na wamefundishwa kuanguka!"

Inspecteur alikuwa amerudi nyuma hatua mbili. Mkono wake ulikuwa kwenye mlango wa gari. Nikaona anaondoka. Angefika huko kwao akaandika kwamba Kisangani wagonjwa walifanya fujo, basi, mambo yameisha.

Aliyebaki wima alikuwa mmoja. Assumani alijaribu kuinama kufungua kamba, mbavu zikamkataa. Akajaribu tena, akaguna, jasho likamtoka. Kisha akageuza shingo akanitafuta kati ya watu.

"Honorine! Kuya unitolee viatu."

Papa yangu alikuwa getini. Nilimwona akitikisa kichwa, kwamba hapana. Nikaenda.

Nilipiga magoti kwenye tope. Kamba zilikuwa zimelowa, vidole vinateleza. Nikavua kile cha mguu mzima, kisha kile cha mguu wa mti. Alivipokea, akavishika kwa kamba zake. Nilimsikia juu yangu anavuta pumzi, anajiandaa.

"Sogea," akaniambia. "Naenda."

"Huendi."

Nikasimama mbele yake, nikampa mgongo, nikamgeukia mtu wa miwani.

"Docteur Inspecteur! Ile miguu ni mimi niliipanga! Mimi na Papa Émile! Makosa ni yetu, tuliipanga na viatu, na viatu vinarudishwa depo! Bale batu hawakulewa!"

Inspecteur akageuka. Mkono ukatoka kwenye mlango wa gari.

Wenceslas alikuja mbio. Sikumwona, nilisikia tu filimbi ikigonga vifungo vya shati lake. Kirungu kilitua kwenye mkono wangu wa kushoto, na mfupa ukalia ndani ya masikio yangu, kah! Ulimwengu ukawa mweupe. Sikuanguka, kwa sababu Assumani alinidaka kwa kifua chake, na nilimsikia akilia kwa maumivu ya mbavu zake.

"Malaya!" kaka yangu alikuwa anasema. "Unatuuzisha sababu ya huyu?"

Akainua kirungu tena.

"Acha!" Ilikuwa sauti ya Inspecteur, kubwa kuliko mwili wake. "Ukimugusa tena, mi mwenyewe ninakupeleka Kapalata, askari bakufundishe kazi! Acha wote!"

Walinzi wakasimama. Wenceslas akarudi nyuma, hatua kwa hatua, hadi mgongo wake ukagusa mlango wa depo yake. Uani palisikika waliolala chini wakiugua, na Mama Georgette akimtaja Bikira Maria.

"Sema, Mademoiselle," Inspecteur akaniambia. "Haraka."

Nikaingiza mkono mzima mfukoni na kutoa kipande cha mti mwekundu.

Assumani alikiona. Alikitazama, kisha akanitazama mimi, na lile jicho lake moja lililofunguka nilitamani lifumbe.

"Ulikuwa nayo," akasema.

"Nilikuwa nayo."

"Ulinidanganya. Nilikuomba, ukanidanganya."

"Tutagombana kisha. Inua muguu."

Papa Émile akaja kumshika kwapani. Nikavua kitambaa cha kichwa changu, nikaiweka mbao chini ya kisigino, nikazungusha kitambaa mara mbili na kukaza fundo kwa mkono mmoja na meno. Tope liliniingia kinywani. Niliomba, kwa Mungu wangu na wa kwake, goti lisikunjike.

"Muachilie," nikamwambia Papa Émile.

Assumani akaenda. Hatua ya kwanza, kisigino kilishika ardhi na mwili ukabaki mahali pake. Ya pili, goti likakunjika mbele, kama goti la mtu. Ya tatu. Alikuwa peku kabisa, uso umejaa damu kavu, viatu vinaning'inia mkononi. Nilidhani anaenda kwa Inspecteur. Hakwenda kwa Inspecteur. Alipita katikati ya wenzake waliolala, akavuka ua wote, akasimama mbele ya kaka yangu. Kirungu kilikuwa bado mkononi mwa Wenceslas.

Mtu yeyote angeogopa. Mimi niliogopa.

"Shemeki," Assumani akamwambia, kwa heshima, kama mtu aliyeingia ukweni. "Viatu yako hii hapa. Mbili. Nimeirudisha."

Wenceslas alimwangalia mdomo aliokuwa ameupasua, akashusha macho hadi kwenye kitambaa changu kilichofungwa kwenye ule mguu. Kitambaa kile alikijua, alininunulia mwenyewe Krismasi. Kirungu kikamtoka mkononi. Akanyoosha mikono miwili na kuvipokea viatu.

Inspecteur alikuwa amefika. Alichuchumaa topeni na suruali yake safi, akapima unene wa mbao kwa vidole vyake, akaangalia kisigino cha kiatu, akapima tena. Vidole viwili, na vidole viwili.

"Miaka mingapi, Directeur?" akauliza bila kuinuka. "Miaka mingapi munatoa viatu na kuchukua?"

Directeur akaanza kutafuta leso mfukoni.

"Tangu leo mutu apimwe namna anatembeaka kwao. Kama iko peku, peku. Huyu mademoiselle atawaonyesha. Na hawa batu, bapelekwe ndani, sasa hivi. Nitahesabu vidonda mimi mwenyewe."

Papa yangu alikuwa bado getini. Alivua kofia, akaivaa tena, akabaki pale akiwa hajui aingie au aende. Sikuwa na nafasi ya kumfikiria, kwa sababu Assumani alikuwa amegeuka. Kugeuka ndiko kugumu kwa mtu wa mguu wa mti, kunataka moyo. Aligeuka taratibu, akaanza kurudi kwangu, na nilihesabu kila hatua. Kumi na nane. Hakuyumba hata moja.

Akasimama mbele yangu. Hatukuwa na haya tena, watu wote wanatuangalia.

"Ulinidanganya," akasema tena.

"Sababu ya goti."

"Goti ni yangu. Usirudie."

"Sirudii."

"Apa."

"Naapa, Assumani. Mbele ya papa yangu pale, naapa."

Akaangalia getini, kisha akaniangalia. Mdomo ule uliopasuka ukajaribu kutabasamu, ukashindwa, ukajaribu tena.

"Basi nipe mukono."

"Umevunjika."

"Nipe ule mwingine."

Nikampa. Ulikuwa umejaa tope na mate, na ulinuka viatu. Aliushika mbele ya papa yangu, mbele ya kaka yangu aliyekuwa bado amekumbatia viatu vyake vya kuazima, na tukaingia hospitalini sisi wawili, yeye akinishikilia mimi nisianguke.